Kukodi mashua na marafiki Mombasa: uliza maji kabla ya kuuliza bei

Huduma za kukodi boti Mombasa ni nyingi, na karibu zote hujitangaza kwa picha moja: tanga jeupe, jua linatua, marafiki wanane wameshika madafu. Picha hiyo haikwambii kitu. Kinachokwambia ni swali la simu: "Jumamosi ijayo tunaondoka saa ngapi?" Anayejibu hapo hapo "saa tatu, kama kawaida" hana habari na bahari, au anayo lakini kwake nyinyi ni mzigo wa kupakia na kushusha. Anayesema "ngoja niangalie maji" endelea kuzungumza naye.

Bahari ya hapa haina saa tatu ya kawaida. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku huchelewa takriban dakika 50 kuliko jana. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa Mombasa hupita mita 3. Siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, tofauti hiyo hushuka hadi karibu mita 1. Na kuna jambo ambalo mvuvi wa Mji wa Kale analijua bila kutazama karatasi: wakati wa bamvua maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kabisa saa nne au baadaye kidogo, asubuhi na usiku. Wakati wa maji mafu mambo hugeuka: saa nne asubuhi ndipo maji yamejaa.

Ratiba nzima inatoka hapo. Matumbawe ya ndani ya mwamba hutazamwa maji yakiwa yamepwa na yanapoanza kujaa, kwa sababu mwamba wa nje huwa umejitokeza na kuzuia mawimbi, matumbawe yako karibu, na maji yanayoanza kuingia ni masafi ya bahari kuu. Hori, yaani mkono wa bahari unaoingia bara, ni kinyume chake. Ukiingia hori ya Tudor au ya Mtwapa maji yakipwa utakuta tope, mizizi ya mikoko na maji ya rangi ya chai. Ingia yakijaa, mkondo ukusukume ndani, kisha utoke nao yanapoanza kupwa. Kwa hiyo bamvua ni asubuhi mwambani na machweo horini. Maji mafu ni asubuhi horini, na mwambani ni alasiri kama upepo utaruhusu, ingawa mara nyingi hauruhusu. Mtoa huduma anayepanga hivi bila kuulizwa tayari ana nusu ya alama.

Tuanze na boti za kioo, yaani zenye kioo sakafuni cha kutazamia chini, ambazo ndizo rahisi na ndizo zinazolalamikiwa zaidi. Huegeshwa Nyali na Bamburi, nyingi zikiwa ufuo wa Jomo Kenyatta ambao wenyeji wanauita Pirates, na hupeleka watu ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986. Ni safari ya saa mbili hadi tatu, haitegemei upepo, na hata asiyejua kuogelea huona kitatange, kangaja na pono bila kulowa. Kasoro yake ni kioo chenyewe. Kikishakwaruzwa na mchanga huonyesha ukungu wa kijani tu, na hakuna nahodha wa kukitibu siku hiyo. Pandeni boti ikiwa bado kwenye maji ya magoti, tazameni chini: mkiona vipande vya kombe mchangani kwa kingo zake, kioo kizima. Mkiona rangi bila umbo, shukeni.

Kasoro ya pili ni mkate. Kuna mabaharia wanaomwaga vipande vya mkate ili samaki wakusanyike chini ya kioo, watu wapige kelele, bakshishi ipande. Hifadhini hairuhusiwi kulisha samaki, na hata ingeruhusiwa ni mchezo mbaya: wanaokuja ni wale wale wakali wenye mistari, wengine wanatawanyika, kwa hiyo mnaona aina moja mahali ambapo mngeona ishirini. Ya tatu ni nanga. Boti inayojua kazi yake hufungwa kwenye boya. Inayotupa nanga popote huvunja tumbawe lililochukua miaka mingi kukua, na abiria ndio waliolipia. Kiingilio cha hifadhi nacho hulipwa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, si taslimu mkononi mwa kijana wa ufuoni. Mtu akisema "kimo ndani ya bei", aonyeshe risiti yenye idadi yenu.

Kwa kundi la watu wanane hadi kumi wanaotaka siku nzima, hukumu yetu ni mashua ya tanga yenye mashine ndogo ya akiba nyuma. Si kwa sababu ya uzuri wake, ingawa uzuri upo. Ni kwa sababu ina njia mbili za kurudi nyumbani. Boti ya mashine moja ikizimika mlangoni mwa mwamba, pale pengo la kutokea bahari kuu, mnasubiri rehema za mkondo. Mashua mashine ikizimika, tanga linapanda.

Lakini mashua hukaguliwa, haipendwi tu. Anza chini. Kila mashua ya mbao ina maji kidogo kwenye ngama, pale chini kabisa ndani ya chombo, hilo si aibu. Tazama ni mangapi, na rudi kuyatazama baada ya dakika ishirini ya mazungumzo ya bei. Yakiwa yameongezeka kwa kuonekana, mazungumzo yameisha. Ogopa zaidi ile iliyokaa nchi kavu wiki mbili tatu kwa kukosa wateja: mbao hukauka, viungo hufunguka, pamba ya kalafati inayoviziba hulegea, na siku ya kwanza majini huvuja kama kapu mpaka mbao zinywe maji zifure. Mwenye chombo muungwana huishusha siku mbili kabla yenu. Ngama ikiwa na utando wa rangi za upinde wa mvua na harufu ya petroli, kuna bomba au mtungi unaovuja, na jiko la makaa halifai kuwashwa humo kabisa. Upo wa kutekea maji uwe wapi? Mkononi pa mtu, si chini ya mifuko.

Kisha juu. Tanga lenye kiraka si baya. Tanga lililochakaa kwa jua ndilo baya, nalo hujulikana kwa kulikunja pembeni kwa vidole viwili: likitoa vumbi, nyuzi zimekufa. Henza, ile kamba ya kupandishia foromali, mti unaoshika tanga, huliwa mahali pamoja siku zote, pale inapopita kwenye kapi, gurudumu lake la juu. Mwombe baharia aishushe mkaone. Tena muulize kama ana tanga dogo la pili. Matanga yetu ya pembe tatu kwa kawaida hayapunguzwi, hubadilishwa, na nahodha mwenye tanga moja kubwa tu atakuwa hana la kufanya upepo ukipanda alasiri isipokuwa kulishusha na kuwasha mashine.

Abiria nao wana kazi, na nahodha mzuri huwaambia kabla ya kung'oa nanga. Mashua nyepesi hutegemea farumi, yaani uzito wa kuituliza, na farumi kubwa ni nyinyi wenyewe. Akisema "panda upande wa upepo" ni sasa hivi, si baada ya picha. Wakati wa kupindua tanga, foromali na kamba ya demani, ile ya kuongozea tanga, hupita mbele ya mlingoti na kila kichwa kilichosimama kiko njiani. Kaeni chini, mikono ndani. Nahodha anayependa kugeuza kwa kupokea upepo kwa nyuma siku ya kusi kali, upepo wa kusini, mtazameni kwa shaka, kwa sababu tanga hupiga upande wa pili kwa nguvu zote na hapo ndipo milingoti huvunjika. Na mjue mapema: mkisafiri kwa tanga hakuna kivuli. Turubai hufungwa nanga ikishashushwa. Choo pia hakuna, kwa hiyo mpangilio wa vituo uulizwe bila haya.

Mashine ya akiba ndiyo inayosahaulika. Nyingi hapa ni za kuchanganya oili na petroli, nguvu za farasi 15 hadi 40. Kipimo cha kawaida cha nyingi baada ya kuzoeshwa ni sehemu 50 za petroli kwa 1 ya oili, yaani mililita 20 kwa lita, karibu nusu lita ya oili kwa mtungi wa lita 24. Oili ikizidi, moshi mzito na plagi zinazoziba. Ikipungua, mashine hujikaanga. Ikiwashwa, tazameni kijitundu cha nyuma kinachorusha maji ya kupoza: mrija uwe na nguvu. Ukidondoka matone, kuna mchanga au mfuko umeziba njia, na mashine hiyo itazima kwa joto ndani ya muda mfupi. Plagi za akiba, spana yake na kamba fupi ya kuzimia mashine ifungwe kwenye mkono wa anayeendesha, hivyo vitatu viulizwe.

Kwa nini mashine huzimika mlangoni mwa mwamba na si pwani? Kwa sababu uchafu na maji huwa vimelala chini ya mtungi wa petroli mpaka wimbi la kwanza kubwa linapovitikisa, navyo huingia bombani. Dawa ni kichungi chenye kikombe cha kutenga maji kati ya mtungi na mashine, na mtungi usiomalizwa mpaka chini. Mashine ya farasi 40 kwa mwendo kamili hunywa lita 18 hadi 20 kwa saa, kwa nusu ya mwendo karibu nusu ya hizo. Hesabu ya mabaharia ni theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya Mungu. Hii hesabu ni silaha yenu ya bei pia: mkijua mtaendesha mashine saa mbili tu kwa mwendo wa wastani, mnajua ni lita ngapi, na anayewatoza "mafuta" ya lita 80 mtamwelewa.

Hori ya Tudor, kutoka Bandari ya Kale kupita chini ya Daraja la Nyali, ndiyo njia tamu kuliko zote kwa machweo: upande mmoja Fort Jesus na kuta za Mji wa Kale, mbele mikoko. Tunaipa alama za juu kwa kutazama, za chini kwa kuogelea. Maji taka ya mji huingia humo, hasa kuelekea Mikindani, na baada ya mvua hali huwa mbaya zaidi. Ogeleeni nje, mwambani. Machweo hapa huwa kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasorobo mwaka mzima na giza halisubiri. Muulize nahodha taa zake ziko wapi kabla hamjaondoka, si mkiwa mikokoni. Upande wa Kilindini, kwenye bandari kuu, uacheni. Huko kuna meli kubwa zisizoweza kusimama ghafla na feri za Likoni zinazokatiza siku nzima, na nahodha anayekubali kuwapitisha mbele ya feri ili mpate picha amejieleza tabia yake.

Mtwapa ni jambo jingine. Huduma za boti za mashine pale ni za kiwango cha juu kwa wastani, kwa kuwa wengi wamelelewa na uvuvi wa mishipi wa bahari kuu: mashine mbili, redio, viti, kivuli cha kudumu, wakati mwingine choo. Bei nayo hupanda ipasavyo. Hori ni tulivu na mikoko yake ni mizuri, na kwenye mdomo wake upande wa kaskazini kuna magofu ya Jumba la Mtwana, mji wa Waswahili wa karne ya 14, ambako kundi linaweza kushuka saa moja. Shida ni kutoka nje. Wakati wa kusi, maji yanayopwa kutoka horini hukutana na mawimbi yanayoingia, na mawimbi husimama wima, mafupi, yamebanana. Boti ile ile iliyopita kama juu ya zulia saa mbili kabla hugonga tumbo kila hatua. Nahodha mzuri hutoka maji yakijaa au yakiwa yametulia, na akichelewa husubiri. Anayesema "shikeni vizuri" na kuingia hivyo hivyo, msimkodi tena.

Kuhusu misimu tutapita haraka. Kusi, Mei hadi Septemba hivi, hukoroga bahari, na Julai na Agosti ndio kilele chake; kaeni ndani ya mwamba na horini. Mvua kubwa za masika huleta maji ya matope. Kaskazi ya Desemba hadi Machi ni ya wasafiri, ila Januari alasiri inaweza kuchacha. Maji mazuri zaidi ya kutazama chini ni ya siku za shwari za Oktoba, Novemba, Februari na Machi. Nyangumi hupita nje ya mwamba kati ya Julai na Oktoba, kwa hiyo anayewataka akubali pia bahari chafu na dawa ya kichefuchefu imezwe saa moja kabla ya kupanda, si baada ya kuanza kutapika. Anayewaahidi pomboo ndani ya mwamba wa Nyali anauza maneno. Pomboo wafuateni Shimoni, kwenye hifadhi ya Kisite-Mpunguti, na hiyo ni safari ya barabara kuelekea kusini kabla ya boti.

Makaratasi hayana utamu lakini ni dakika tano. Vyombo vya abiria hukaguliwa na kupewa leseni na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, na idadi ya abiria imeandikwa. Mtoto ni abiria. Jaketi za kuokolea maisha ziwe moja kwa kila mtu, zitolewe mzione, kwa sababu zile zilizofungiwa chini ya mbao za mbele hazimsaidii mtu. Sponji iliyokuwa ngumu na kufinyika imekufa. La mtoto lipimwe kwa kumvalisha, kufunga, kisha kulivuta juu mabegani: likipanda mpaka masikioni ni kubwa, na majini atatoka chini yake. Simu za mkononi hushika mtandao sehemu nyingi za karibu na pwani, lakini redio ya VHF yenye chaneli 16 ndiyo ya msaada. Kama haipo, msitoke nje ya mwamba.

Chakula ndipo huduma za mashua hushinda mikahawa mingi ya ufuoni. Jiko la makaa juu ya sanduku la mchanga, samaki wa kupaka, wali wa nazi. Kwa watu kumi: changu wa gramu 400 kila mmoja, kilo 4 jumla, mchele kilo moja na nusu, nazi tano, ndimu na pilipili bila kupima. Msiamini samaki wa "leo asubuhi". Mwombeni nahodha anunue samaki mbele yenu au mlete wenu kwenye barafu. Maji ya kunywa lita 3 kwa kila mtu, na mlete kwenye dumu na vikombe vya bati, kwa sababu chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi tangu tarehe 5 Juni 2020. Mahamri na mbaazi za asubuhi ziliwe nchi kavu, nusu saa kabla. Mashua inayoyumba na tumbo lililojaa nazi havipatani.

Mlipeni nahodha au mwenye chombo, si dalali, kwani dalali hana mashua ya kurudisha wala jina la kulinda. Bei iwe ya chombo kizima, si ya kichwa, na itaje saa, mafuta, jaketi, chakula na kiingilio kimoja kimoja. Amana inayofaa ni ya mafuta na sokoni, kwa M-Pesa, na ujumbe useme wazi kuwa nahodha akiahirisha kwa sababu ya upepo, pesa zinahama pamoja na siku. Nahodha anayeahirisha si mvivu. Mpeni tarehe nyingine.

Na muulize mtashukia wapi, saa hiyo maji yakiwa wapi. Boti za Bamburi zikirudi maji yamepwa husimama mbali na ufuo, na mtatembea juu ya mawe na viumbe vya miba myeusi mkiwa na mifuko kichwani. Vaeni viatu vya mpira vinavyoshika kisigino, kandambili hubaki matopeni. Mzee mwenye magoti mabovu apandishwe na kushushwa gatini maji yakiwa nusu au zaidi. Yakiwa chini, ngazi za mwisho zina kombe na ukoga, na baharia mmoja asimame chini yake mpaka akanyage saruji kavu.